Ukoo wa Cholmondeley, kutoka Cheshire hadi Soysambu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wasomaji wengi hukutana na ukoo huu kupitia jina la Delamere, kisha wakarudi nyuma hadi Uingereza na kupotea katikati ya akina Hugh, George na Thomas wasiohesabika. Majibu yafuatayo yamepangwa kuanzia mambo mepesi kwenda yale yenye utata. Kanuni moja itakusaidia kila mahali: ukitafuta cheo, fuata wanaume, ukitafuta nyumba na ardhi, fuata wanawake.

## Mambo ya msingi

1. Jina Cholmondeley linatamkwaje?

"Chamli." Herufi zilizobaki ni za kuandikwa tu. Katika hati za karne ya 16 na 17 utaliona pia kama Cholmeley au Cholmley, na mtu mmoja huweza kuandikwa kwa namna tatu katika maisha yake. Kwa hiyo usimwondoe mtu kwenye nasaba kwa sababu ya tahajia. Sir Hugh Cholmeley wa Whitby, kule Yorkshire, aliyeilinda ngome ya Scarborough kwa ajili ya Mfalme Charles wa Kwanza hadi 1645, alitoka shina hilohilo la Cheshire.

2. Ni akina nani hasa?

Ni ukoo wa wamiliki wa ardhi wa Cheshire, jimbo la kaskazini-magharibi mwa Uingereza linalopakana na Wales. Leo una matawi mawili makubwa. Tawi la wakubwa ni la markizi wa Cholmondeley, wenye kasri la Cholmondeley huko Cheshire na jumba la Houghton huko Norfolk. Tawi la wadogo ni la mabaroni Delamere, ambao tangu mwanzo wa karne ya 20 makao yao yamekuwa Kenya.

3. Markizi, erli, baroni: nani mkubwa?

Kutoka juu: dyuki, markizi, erli, vikaunti, baroni. Baroneti na nait wako chini ya hao na si makabaila wa bunge, ingawa huitwa "Sir".

Wakuu wa ukoo huu walipanda ngazi polepole: vikaunti 1661 (cheo cha Ireland), baroni wa Uingereza 1689, erli 1706, markizi 1815. Cheo kipya hakifuti cha zamani. Vinalundikana, na ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na majina matano rasmi. Lundo hilo lina matumizi yake. Tazama swali la 17.

4. Ukoo ulianzia wapi?

Mahali pana umri kuliko ukoo. Katika daftari kubwa la ardhi la 1086, lililoandikwa kwa amri ya William Mshindi, kijiji cha Cholmondeley kimo chini ya Robert FitzHugh, bwana wa Malpas. Nasaba za jadi zinasema urithi wa Malpas ulimfikia William le Belward, na kwamba mwanawe mdogo, Robert, alipewa Cholmondeley akajiita kwa jina la shamba lake. Hivyo ndivyo majina mengi ya ukoo yalivyozaliwa Uingereza: shamba ndilo lililompa mtu jina.

Nembo yao ina kofia mbili za chuma za vita juu na mganda wa ngano chini. Mganda huo ni alama ya maerli wa kale wa Chester, waliokuwa mabwana wa jimbo zima, na familia nyingi za Cheshire zinao. Ukiuona kwenye ukuta wa kanisa, usikimbilie kusema umempata Cholmondeley.

5. Kwa nini mtoto mmoja tu anachukua kila kitu?

Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo kila mtoto ana fungu lake, hapa lazima aweke kando hesabu hizo. Chini ya sheria ya zamani ya Uingereza ardhi ilimwendea kifungua mimba wa kiume. Juu ya sheria hiyo, familia kubwa ziliongeza mikataba iliyoifunga ardhi kwa vizazi: anayeishika hula matunda yake maisha yake yote, lakini hana ruhusa ya kuiuza, maana mrithi wa kesho tayari ametajwa.

Wadogo walipewa posho na kusukumwa jeshini, kanisani, kwenye sheria au ng'ambo. Wasichana walipewa fedha za kuolewa. Matokeo yake kwa mtafiti ni mabaya: mti wa nasaba uliochapishwa hunenepa pale ardhi ilipo, na vitinda mimba hutoweka baada ya kizazi kimoja au viwili. Hawakufa wote bila watoto. Aliyeandika ndiye aliyeacha kuwatazama.

Walipokosekana wana wa kiume kabisa, kanuni iligeuka: mabinti walirithi pamoja, kwa mafungu sawa, bila mkubwa kumpita mdogo. Kifungu hiki kidogo ndicho kilichoujenga utajiri wa akina Cholmondeley, kama utakavyoona katika maswali ya 6, 9 na 10.

## Matawi yalivyoachana

6. Mary Holford ni nani, na kwa nini kila mti wa nasaba unasimama kwake?

Kwa sababu yeye ndiye mama wa matawi yote mawili. Alikuwa binti na mrithi wa Christopher Holford wa Holford, akaolewa na Sir Hugh Cholmondeley aliyefariki 1601. Baba yake alipokufa, baba yake mdogo, George Holford, alidai kwamba mashamba hayapaswi kuhamia ukoo mwingine kupitia msichana. Mary hakukubali. Kesi iliendelea kwa zaidi ya miaka 40, na ilimalizika kwa kugawana: Mary alibaki na Holford yenyewe na sehemu kubwa ya mali. Mfalme James wa Kwanza alimwita mwanamke jasiri wa Cheshire, na naona alistahili, maana mahakama za wakati ule hazikuwa mahali pa mwanamke kushinda kwa uchovu wa mpinzani.

Akiwa mjane, mwaka 1615 au mwanzoni mwa 1616, alinunua Vale Royal kutoka kwa familia ya Holcroft. Hapo palikuwa na abasia ya watawa wa Sistersia iliyoanzishwa na Mfalme Edward wa Kwanza mnamo 1277 na kufungwa 1538, wakati wa Henry wa Nane. James alilala Vale Royal mwaka 1617 akiwinda katika msitu wa Delamere ulio jirani. Mary alifariki 1625.

Mwanawe Robert alipata uerli wa Leinster mwaka 1646, lakini hakuacha mrithi wa kiume wa ndoa, hivyo uerli huo ulikufa naye 1659. Mwana mwingine, Hugh, ndiye baba wa mstari wa markizi. Thomas alipewa Vale Royal, na kutoka kwake wanakuja akina Delamere.

7. Basi Lord Delamere wa Kenya na markizi wa Cholmondeley ni ndugu wa namna gani?

Ni binamu wa mbali sana. Hugh Cholmondeley, baroni wa tatu wa Delamere, aliyezaliwa 1870, ni kizazi cha saba kutoka kwa Mary Holford. Mstari wake ni Thomas, Thomas, Charles, Thomas, Thomas baroni wa kwanza, Hugh baroni wa pili, kisha yeye. Wakati huo tawi la pili lilikuwa limeshajitenga kwa karibu karne tatu, na kilichobaki kuwaunganisha ni jina, nembo na Cheshire.

Ubaroni wa Delamere wenyewe si wa zamani: uliundwa 1821, wakati wa kutawazwa kwa Mfalme George wa Nne. Kwa hiyo Lord Delamere maarufu wa Njoro alikuwa mtu wa tatu tu kubeba jina hilo.

8. Wale wanawake wawili kitandani kwenye mchoro wa zamani ni wa ukoo huu?

Ndiyo, ila hakuna makubaliano kuhusu majina yao. Mchoro ulitengenezwa mwanzoni mwa karne ya 17 na sasa uko katika jumba la sanaa la Tate, London. Unaonyesha wanawake wawili wameketi kitandani bega kwa bega, kila mmoja na mtoto mchanga katika vazi jekundu la ubatizo. Maandishi ya chini yanasema walikuwa wa familia ya Cholmondeley, walizaliwa siku moja, wakaolewa siku moja na kujifungua siku moja.

Watu huwaita pacha. Maandishi hayasemi hivyo. Ukiangalia vizuri, macho yana rangi tofauti na mapambo ya nguo hayalingani. Mchoraji alitaka tuone kwamba ni watu wawili. Mchoro huu ni onyo zuri kwa mtafiti wa nasaba: sura zimehifadhiwa kwa miaka 400, majina yamepotea, kwa sababu hakuna shamba lililotegemea majina yao.

## Wanawake, majumba na ofisi

9. Jumba la Houghton, lililojengwa na Robert Walpole, liliwafikiaje?

Kupitia harusi ya 1723. Sir Robert Walpole, anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, alimwoza binti yake Mary kwa George Cholmondeley, aliyekuja kuwa erli wa tatu. Siku hiyo hakuna aliyetarajia Houghton ihame, maana Walpole alikuwa na wana watatu.

Lakini mstari wa kiume ulikauka mbele ya macho ya watu. Walpole alifariki 1745, mwanawe mkubwa 1751. Mjukuu, George, hakuoa, akajaza madeni, na mnamo 1779 aliuza picha za babu yake kwa Malkia Catherine wa Urusi. Nyingi ziko St Petersburg hadi leo. Alipofariki 1791, cheo kilimrudia baba yake mdogo, Horace Walpole, mwandishi, mzee asiye na mke wala mtoto. Horace alifariki 1797. Uerli wa Orford, cheo cha akina Walpole, ulikoma naye, na jumba likamwendea erli wa nne wa Cholmondeley, kitukuu cha Sir Robert kupitia Mary.

Tazama jinsi cheo na nyumba vilivyoachana njia siku ileile: cheo kilihitaji mwanamume wa mstari wa kiume, kikamkosa, nyumba iliweza kupita kwa mwanamke. Baadaye uerli wa Orford uliundwa upya kwa tawi jingine la Walpole, ambalo halikupata Houghton.

10. Lord Great Chamberlain ni nini, na kwa nini kazi hiyo inaruka mfalme mmoja hadi mwingine?

Ni moja ya ofisi kuu za kurithi za taifa. Mwenye nayo husimamia sehemu ya kifalme katika kasri la Westminster, na ana majukumu wakati mfalme anapofungua bunge na anapotawazwa. Ofisi hii ilikuwa mikononi mwa familia ya Bertie, madyuki wa Ancaster. Dyuki wa nne alipofariki 1779 bila mtoto, walibaki dada wawili, Priscilla na Georgiana, na kama tulivyoona katika swali la 5, mabinti hurithi kwa mafungu sawa.

Lakini utaigawaje ofisi? Georgiana aliolewa na erli wa nne wa Cholmondeley, yule wa Houghton, ambaye 1815 akawa markizi wa kwanza. Nusu yake ikabaki nzima katika ukoo huo. Nusu ya Priscilla ilikatwakatwa zaidi kila walipokosekana wana. Utaratibu uliokubaliwa ni kupokezana kwa tawala: akina Cholmondeley hushika utawala mmoja, wengine unaofuata. Ndivyo markizi wa nne alivyoshika enzi ya Edward wa Saba, wa tano enzi fupi ya Edward wa Nane, na ukoo huo enzi yote ya Elizabeth wa Pili. Markizi wa saba aliishika tangu 1990. Malkia alipofariki Septemba 2022, zamu ilihamia kwa Lord Carrington.

Faida ya ziada: sheria ya 1999 ilipowaondoa makabaila wengi wa kurithi bungeni, mwenye ofisi hii aliachwa.

11. Sybil Sassoon anaingiaje?

Aliolewa 1913 na George, baadaye markizi wa tano. Alitoka katika ukoo wa Kiyahudi wa Baghdad uliotajirikia biashara Bombay, na mama yake alikuwa wa akina Rothschild. Houghton ilikuwa imechoka. Sybil na mumewe waliifufua. Kaka yake, Philip Sassoon, alifariki 1939 bila kuoa, na vitu vyake vingi vya thamani vikaja kwake. Ni Mary Walpole mwingine.

## Tawi la Kenya

12. Baroni wa tatu alipataje ardhi Kenya?

Alirithi ubaroni na mashamba ya Cheshire 1887, akiwa na miaka 17. Alikuwa mwindaji, alifanya safari kadhaa Somalia, na 1897 alishuka kutoka huko hadi nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Ng'ombe na kondoo walikufa kwa magonjwa, ngano ikashambuliwa na kutu. Aliyabeba hayo yote kwa kuweka rehani mashamba ya Cheshire: Vale Royal ndiyo iliyolipia Njoro. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga nafaka, Unga. Baadaye alijikita Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, ambako uzao wake uko hadi sasa. Hifadhi iliyoko hapo ni ya takriban ekari 48,000.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, kisha Laikipia kwa ule wa 1911, na walipokwenda mahakamani 1913 kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mkataba ulikuwa kama wa mataifa mawili, usioweza kusikilizwa na mahakama ya kawaida. Miti ya nasaba iliyochapishwa Uingereza huandika "wa Soysambu" kana kwamba ni kijiji kingine cha Cheshire. Si hivyo.

13. Lord Egerton, yule wa kasri la Njoro, alikuwa ndugu yake?

Kwa mujibu wa nasaba za jadi, ndiyo, ila kwa umbali wa miaka 700. Akina Egerton nao hutajwa kutoka kwa William le Belward wa swali la 4. Lakini mstari wa Tatton, alikotoka Maurice Egerton, ulipita kwa mtoto wa nje ya ndoa katika karne ya 16 (Thomas Egerton, aliyepanda hadi kuwa Lord Chancellor, ofisa mkuu wa sheria) na kwa mwanamke katika karne ya 18: Hester Egerton aliolewa na William Tatton, na mnamo 1780 jina la Egerton likachukuliwa upya ili lisipotee.

Maurice, baroni wa nne, alianzisha mwaka 1939 shule ya kilimo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Hakuoa. Alipofariki 1958 ubaroni ulikufa, na Tatton Park ikaenda kwa shirika la kuhifadhi urithi wa taifa.

14. Kwa nini ubaroni wa Delamere ulikwenda kwa mjukuu?

Baroni wa tano, aliyezaliwa 1934, alifariki 2024. Mwanawe wa pekee, Thomas, alikuwa amemtangulia 2016. Huyo ndiye aliyejulikana Kenya kwa kesi mbili za mauaji: ya 2005 iliyofutwa na mwanasheria mkuu, na ya 2006 iliyoishia 2009 kwa hatia ya kuua bila kukusudia na kifungo cha miezi minane. Mwana akifa mapema, watoto wake husimama mahali pake, na cheo huruka kizazi.

Si jambo geni katika ukoo huu. Erli wa tatu alipofariki 1770 alirithiwa na mjukuu, na markizi wa tatu vivyo hivyo mwaka 1884.

15. Vale Royal bado ni yao?

La. Iliuzwa 1947 kwa kampuni ya kemikali.

## Mambo yenye utata

16. Mtoto wa kuasili au wa nje ya ndoa anaweza kurithi cheo?

Hapana kwa wote wawili. Hata wazazi wakioana baadaye, sheria ya 1926 iliyomhalalisha mtoto haikugusa vyeo vya makabaila. Mali isiyofungwa na mkataba ni jambo jingine: hiyo hufuata wasia, na mwenye mali humpa amtakaye.

17. Mwana wa markizi anaitwa erli. Je, ni erli kweli?

Kisheria ni raia wa kawaida. Anaazima tu cheo kimoja kutoka kwenye lundo la baba yake, tulilolitaja katika swali la 3. Mrithi wa markizi wa Cholmondeley huitwa erli wa Rocksavage. Zamani mrithi wa erli aliitwa vikaunti Malpas, na Malpas mmoja alifariki kabla ya baba yake: ndiye mwana aliyerukwa wa 1770. Ukikutana na "Lord Malpas", tafuta kwanza mwaka.

18. Nimemwona Lord Delamer wa karne ya 17. Ni babu yao?

Si babu. Huyo ni George Booth wa Dunham Massey, familia nyingine ya Cheshire, aliyepewa ubaroni 1661. Mstari wake ulikwisha 1770. Wote wawili walichukua jina la msitu uleule.

19. Kuna Lady Delamere wangapi Kenya?

Wengi kuliko mabaroni. Baroni wa tatu alioa kwanza Florence Cole, binti wa erli wa Enniskillen, 1899. Ndugu zake Berkeley na Galbraith Cole nao walihamia Kenya. Florence alifariki 1914. Wa pili, Gwladys, aliolewa 1928 na baadaye akawa meya wa Nairobi. Baroni wa nne alioa mara tatu, na wa tatu, 1955, ni Diana, aliyeachana na Gilbert Colvile, na ambaye kabla ya Colvile alikuwa mke wa Sir Jock Delves Broughton, mtu mwingine wa Cheshire.

Kanuni ya majina ni hii: mke aliyepo ni "Lady Delamere" bila nyongeza, aliyeachika huweka jina lake mwenyewe mbele. Gazeti likiandika "Lady Delamere" tupu, tarehe ndiyo itakayokuambia ni yupi.

20. Nikitaka kuhakiki mwenyewe, nianzie wapi?

Anza na wa karibu, rudi nyuma. Kuanzia Julai 1837 kuna vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na vifo. Kabla yake kuna daftari za parokia, zilizoamriwa 1538, ingawa parokia nyingi zimepoteza miaka ya mwanzo. Maofisa wa nembo walizunguka majimboni kati ya 1530 na 1688 wakiandika nasaba. Wapokee kwa tahadhari, maana waliandika walichoambiwa na mwenye nyumba.

Kwa ukoo huu, nyaraka za mashamba ya Cheshire ziko katika hifadhi ya jimbo hilo, na zile za Houghton katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Humo omba mikataba ya ndoa kwanza. Kila mkataba unamtaja bibi harusi, baba yake, ardhi anayokuja nayo, na wadogo waliotengewa posho, wakiwemo wale ambao miti iliyochapishwa imewaacha nje.